Nilivyopiga Yowe la Mwizi Mnadani Bunda

Jamani, hii aibu nilikuwaga naificha hata kwa ndugu zangu, leo naitoa, chekeni tu, bora niko hai.

Nilitoka Nyakato asubuhi kwenda mnada wa Bunda kutafuta buti za ngozi, maana kesho yake nilikuwa nakwenda Butiama kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, na viatu vyangu vyeusi (vya zamani, ila navipigaga kiwi mpaka vinang'aa) nikaona havifai kwa siku kubwa kama ile.

Mama Bhoke, anayeuza viatu vya mtumba juu ya turubai, akanipa buti za kahawia. "Vaa, tembea kidogo uone kama zinabana." Basi nikavua vya kwangu nikaviacha palepale katikati ya bidhaa zake (hapo ndipo nilipoharibu), nikatembea, mbele nikaona mikanda, nikauliza bei, nikajipima mmoja, nikajipima mwingine, nikasahau kabisa kwamba buti bado si zangu.

Kurudi, viatu havipo! Kutupa jicho naona mzee mmoja mwenye koti anaondoka navyo kwapani, taratibu, wala hana wasiwasi. Badala ya kumfuata nimuulize, nikapiga yowe: "Mwizi! Mwizi wa viatu!"

Kufumba na kufumbua mzee kazungukwa, mmoja kamshika kola, mwingine kaokota jiwe. Nikaona midomo ya yule mzee inatetemeka, nikasema "ngojeni", lakini nani anasikia?

Mama Bhoke akaja mbio, kanga inaburuta chini. "Mwacheni baba wa watu! Nimemuuzia mimi! Nilidhani ni vya kwangu!"

Mwenye jiwe akanigeukia, akaniangalia miguuni. "Na wewe, hizo buti umelipia?"

Nikaziangalia buti, nikarudi nyuma hatua moja.

"Kumbe mwizi ndiye huyu!"

Sasa kola iliyoshikwa ni yangu. Na aliyeingia katikati, mikono juu, ni yuleyule mzee. "Huyu mura, kijana wa watu, kachanganyikiwa tu, hamuoni? Tupa jiwe hilo."

Jiwe likaanguka chini, pu! Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

"Shikamoo baba. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe, ila viatu sirudishi, vimenikaa vizuri."

Nikamwambia abaki navyo, kwa moyo wote. Nikalipia buti (zilikuwa zinabana, lakini ningethubutu kusema?), na Butiama nikafika mzima, nikapokelewa vizuri, sasa tuna nyumba yetu.

Ila lile neno nimeapa halitatoka tena mdomoni mwangu. Hata nikikuta mkono wa mtu ndani ya mfuko wangu, nitamuuliza kwanza, "Samahani ndugu, unatafuta nini?"