Ndoo ya Kabichi Chini ya Kitanda cha Chebet

Simu ya Pamela ilimkuta Chebet kwenye foleni ya kutoka kanisani Mesaimeer, Ijumaa saa nne asubuhi, kitabu cha nyimbo kikiwa bado mkononi.

"Chebet, rudi saa hii. Bwana Thapa ako kwa room yetu. Ameona ile ndoo yako."

"Ameifungua?"

"Ameifungua na inatoa povu. Anasema ni pombe. Ameshapiga picha akatuma ofisi."

Hapo Doha, nchini Qatar, kutengeneza pombe chumbani si jambo la kuonywa ukaachwa. Ni polisi, kisha ni ndege ya kurudishwa kwenu. Alikuwa na miaka minne mjini, mpishi katika mkahawa mmoja wa Kifaransa, na mwanawe Kiprono alikuwa kidato cha pili huko Bomet, hana mwingine wa kumtegemea. Akasimamisha teksi, akamwambia dereva ampeleke Abu Hamour, alikokaa, na haraka.

Ndani ya ndoo ile hamkuwa na pombe. Mlikuwa na kabichi sita.

Jambo lenyewe lilianza na mteja, mzee Kuntz, Mfaransa aliyekuja Doha kikazi kwa miezi kadhaa kutoka Alsace, mkoa unaopakana na Ujerumani. Kwao kabichi hukatwa nyembamba kama nyuzi, hutiwa chumvi, hukandamizwa na kuachwa wiki kadhaa ichachuke, kisha hupikwa polepole na soseji, viazi na nyama za kukaushwa kwa moshi. Huita chakula hicho shukrut. Mzee alikuwa ameizunguka Doha akikitafuta. Hoteli ya kwanza walimletea kabichi ya mkebe. Ya pili, kabichi mbichi iliyomwagiwa siki. Ya tatu waliitia sukari. Kwenye mkahawa wa kina Chebet alionja uma mmoja tu, akaomba kumwona aliyepika.

Chebet alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Binti yangu, hii nayo ni siki," mzee alimwambia bila ukali. "Kabichi hujichachusha yenyewe, ukiipa muda. Nadhani nimtafutie mke wangu kitu kingine cha kumsimulia kuhusu mji huu."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Chebet ni Mkalenjin. Amekua akimwona mamake akilaza maziwa kwenye kibuyu mpaka yawe mursik, na anajua kwamba kilichochachuka na kilichooza havina harufu moja. Alimwomba Shefu Antoine, Mlebanoni aliyekuwa mkuu wa jikoni, nafasi ya pipa moja tu stoo. Shefu akakataa katakata: nafasi hakuna, na wakaguzi wa manispaa hawana mzaha. Ndipo Chebet akanunua ndoo yenye mfuniko akajaribu mwenyewe, chumbani. Pamela, Mkenya mwenzake aliyelala naye chumba kimoja, alipouliza kilichomo, alimjibu, "Ni nguo nimeloweka."

Nguo gani hulowekwa siku kumi?

Chebet alipofika na teksi, mlango wa chumba ulikuwa wazi na wanawake wa vyumba vingine wamejazana koridoni. Ndoo ilikuwa katikati ya sakafu. Thapa, Mnepali aliyesimamia nyumba ile ya wafanyakazi, alikuwa ameketi kwenye kiti kando yake kama mtu anayelinda maiti. Pamela alisimama dirishani, hamtazami.

"Sista, hii ni nini?"

"Ni kabichi, Bwana Thapa. Ya kupika."

"Kabichi haichemki bila moto."

Chebet akapiga magoti, akachota kwa mkono, akala mbele ya watu wote. Maji ya chumvi yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Ona. Ni chakula."

"Hata pombe ina makapi," Thapa akasema. "Mimi nimeshatuma ripoti. Mandubu anakuja. Yeye ndiye ataamua kama tutaita polisi."

Mandubu ni afisa wa kampuni anayeshughulikia vibali vya wafanyakazi. Neno lake likitoka, limetoka. Chebet akampigia Shefu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Jikoni Ijumaa hakuna anayeshika simu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akawaza atamwambia nini Kiprono. Kwamba mama amefukuzwa kwa ajili ya kabichi?

Mandubu, Mmisri mnene aliyeitwa Hani, alifika baada ya saa nzima. Hakumsalimu mtu. Aliinama, akanusa. Akanusa tena. Akachota nyuzi chache kwa vidole viwili, akatafuna taratibu.

"Turshi," akasema hatimaye. "Thapa, umenitoa nyumbani siku ya Ijumaa kwa sababu ya turshi? Achari!"

Wanawake wakaangua kicheko. Chebet hakucheka. Hani akamgeukia, na uso wake haukuwa wa mzaha. "Lakini chumbani hairuhusiwi. Utaandikiwa barua ya onyo, na hii imwagwe leo."

Ikamwagwa chooni, siku zake zote kumi.

Walipobaki wawili, Pamela alisema, "Ni mimi nilimwita Thapa."

"Najua."

"Niliogopa. Ingekuwa pombe, hata mimi ningeenda. Ulinidanganya, Chebet."

Chebet alitaka kumjibu vikali, akachukua ndoo tupu akaenda kuiosha. Kwa siku nne kila mmoja alijipikia chai yake mwenyewe.

Habari zilimfikia Shefu Antoine kabla ya barua ya onyo. Alimwita Chebet stoo, akamwonyesha kona aliyoipanga upya. "Mtu wa kuhatarisha kazi yake kwa kabichi, afadhali aihatarishe hapa nikimwona," alisema. Safari hii pipa lilikuwa na lebo na tarehe.

Mzee Kuntz aliitwa baada ya wiki tano. Sahani yake ilikuwa na soseji za ndama, paja la bata na viazi. Nguruwe na divai za kwao hazimo katika jiko lile, hivyo kabichi iliiva kwa supu ya kuku. Chebet alichungulia kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. Mzee alikula bila kuinua kichwa, uma baada ya uma, na uso wake hausemi neno. Akaacha nusu ya nyama.

Kisha mzee akamwita mhudumu. Alitaka kabichi zaidi, kabichi peke yake.

Chebet alipotoka kumsalimu, mzee alishika mkono wake kwa mikono miwili. "Siku ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Mamangu angesema ungengoja wiki moja zaidi," akasema, macho yamemlowa. "Lakini angekula."

Sasa shukrut hupatikana kwenye mkahawa ule kila Alhamisi. Pamela ameionja mara moja, akaitema kwenye tishu, akasema watu wa Alsace wanahitaji kuombewa. Chebet alicheka mpaka akajishika mbavu.