Darasa la Masikio ya Babu

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, bibi alimtoa mumewe nje na kiti chake, kama anayetoa takataka. Mjukuu wao alisomea nyumbani, na bibi ndiye aliyemfundisha lugha na kuhutubia. Mtoto alijua Kiswahili na Kifaransa barabara, ila vyote alivinong'ona kana kwamba ameviiba. Basi bibi akapata kifaa cha kisasa cha kufundishia: masikio mabovu ya mzee, ambaye bila shaka hakuulizwa. Kila mzee alipofaulu kuisikia hotuba ya mtoto, kiti chake kilisogezwa mbali zaidi. Leo kilifika uani, karibu na kamba ya nguo.

"Bibi, siwezi. Babu hasikii!"

"Wasikilizaji wengi hawasikii, mjukuu wangu. Anza."

Mtoto akavuta pumzi, akaeleza kwa sauti kwa nini watoto nao waulizwe kabla familia haijahama nyumba. Kule uani mzee akasimama, akapiga makofi, akairudia hotuba karibu yote. Mtoto akarukaruka kwa furaha.

Bibi, ambaye wiki iliyofuata hakuwepo tena duniani, alishika kiuno akamkazia macho mumewe.

"Miaka yote hii nakuita uje kula hunisikii, leo mjukuu kafungua mdomo mara moja tu, umesikia mpaka nukta!"