Bunduki Ndani ya Buti Yangu

Jamani, sasa nacheka kwa sababu miaka imepita, lakini siku hiyo ningepata shimo pale uwanjani ningejifukia mwenyewe. Na msije mkasema nilidanganya watu, mimi nilinyamaza tu (ingawa mke wangu anasema kunyamaza ndiko kudanganya kwa mtu mvivu).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msimamizi wa stoo katika kiwanda cha kukata minofu ya samaki aina ya mbuta, Kisumu, ukingoni kabisa mwa ziwa. Meneja wetu alikuwa mtu wa sheria. Alisikia kwamba mahali fulani mfanyakazi aliyefutwa kazi alikwenda kwenye gari lake akarudi na bastola, basi wiki hiyo hiyo akatukusanya akatangaza kwamba ni marufuku kuacha bunduki ndani ya gari lililoegeshwa kiwandani, leseni iwepo isiwepo, na atakayepatikana nayo aende nyumbani siku hiyo hiyo. Wenye magari tulikuwa wachache, na langu lenyewe liliwaka kwa kusukumwa, bunduki ningeitoa wapi?

Sasa mimi udhaifu wangu ni muwa. Kila asubuhi nikitoka nyumbani Nyamasaria nilinunua miwa miwili mitatu, na saa ya chakula nilijifungia garini nikaitafuna, vioo juu, kwa sababu msimamizi mwenye tai hawezi kuonekana anatema makapi kama mtoto wa shule. Niliificha kwenye buti ya gari, imeviringishwa ndani ya blanketi kuukuu. Kwa ajili ya ile sheria, Okech, askari wa getini, akaanza kukagua buti zetu, na ilipofika zamu yangu akaona blanketi.

"Mzee, hii kitu refu ni nini?"

Akanyoosha mkono aguse. Nami kwa aibu nikaifunga buti pap! nikamwambia, "Okech, vitu vingine mtu haulizi."

Aliniangalia, akarudi nyuma, akapiga saluti. Kumwambia meneja aliogopa, lakini wengine wote aliwaambia nina bunduki, na kufikia saa ya chai vijana wa kukata samaki, waliokuwa wakinibishia kila nikiwagawia glavu za stoo, walikuwa wananiita Mzee, na gari langu likapewa nafasi kivulini. Niliona utamu, sitaficha. Ningeweza kusema ni muwa yakaisha, lakini nani anarudisha heshima aliyopewa bure?

Halafu mvua za masika zikaja, ziwa likapanda, na asubuhi moja kiboko akaingia uwanjani kupitia ua uliobomoka. Alisimama akila nyasi kando ya gari la meneja, na meneja mwenyewe alikuwa ndani yake. Okech alikuwa ameshapanda tangi la maji.

"Mzee, toa ile kitu!" akapiga kelele kutoka huko juu. "Toa bunduki!"

Kiwanda kizima kikanigeukia. Meneja akashusha kioo kidogo sana. "Bwana Otieno, una bunduki?"

Mniambie, hapo mngejibu nini? Nikisema ninayo, kazi imekwisha, na watoto wangu wanasoma kwa kazi hiyo. Nikisema sina, hakuna atakayeamini, nitaitwa mwoga anayemwacha mkubwa wake afe.

"Toa tu! Sheria tutaongea baadaye!" meneja akafoka.

Basi nikaenda kwenye buti, nikafungua blanketi mbele ya watu wote, nikainua miwa.

Mama Wambui, mpishi wa kantini, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Ngai! Na vile tumekuogopa!"

Kicheko kikamshtua kiboko, akageuka kuniangalia mimi. Nikamtupia miwa yote nikakimbia, nikateleza, nikaingia kwenye mtaro wa maji ya samaki mpaka kifuani, tai na kila kitu. Yeye akatafuna muwa wangu taratibu, akajirudia ziwani.

Meneja aliniita ofisini nikiwa bado nanuka. Nilisimama mlangoni nikijua nimekwisha. Akasema, "Ungekuwa na bunduki, Bwana Otieno, ningejua la kukufanya. Lakini sheria ya mtu anayejifanya anayo, hatuna. Nenda ukaoge."

Kazi ikabaki, kivuli kikaenda, na vijana wa glavu wakarudi na kelele zao. Niliumia, tena sana, kwa sababu heshima ile niliipenda. Lakini nilijifunza: siku hizi mtu akinisifia kwa kitu nisichokuwa nacho namkatiza hapo hapo, hata kabla hajamaliza sentensi, kwa maana sijui kiboko wa pili atatokea upande gani.