Sinema Ndefu Sebuleni kwa Bibi Zuwena

Wiki iliyopita nilipeleka redio ya Mama kwa fundi mmoja wa Mchikichini. Kabla hajaishika, akawasha kwanza televisheni ya chogo, zile nene za zamani, aliyokuwa akiitengeneza. Haikutoa picha. Ilitoa harufu tu, ile harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya mashine iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Fundi akaniuliza redio ina tatizo gani. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ambayo leo ni ghorofa la maduka ya mabegi, nikiwa na miaka minane na gauni la Pasaka linalonibana kwapani.

Nyumba ile ilikuwa ya Bibi Zuwena. Wazee wake walitoka Uarabuni, lakini yeye alizaliwa palepale Kariakoo, na alipenda kusema kwamba hata kisima cha jirani alikikuta kikichimbwa. Mbele palikuwa na duka la vitambaa la mwanawe, Ami Salim. Nyuma, karibu na uani, palikuwa na chumba chetu: Mama, Baba na mimi Stela. Baba alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja ya Posta, kwa hiyo sikukuu za watu zilikuwa siku zake za kazi.

Mama alikulia misheni, huko kusini, upande wa Masasi. Alipokuwa na umri kama wangu, padri mmoja alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, akawaonyesha sinema ya Kimarekani. Ilikuwa ndefu ajabu, yenye tembo, maelfu ya askari na mji uliojengwa juu ya mlima. Ilihusu mwanamke ambaye mwanawe mchanga alichukuliwa na watu wa mfalme, naye akatembea nchi nzima akimtafuta. Ilipokaribia mwisho mvua ikamwagika, mashine ikafunikwa turubai, watu wakatawanyika. Babu, baba yake, alimbeba Mama mgongoni kumrudisha nyumbani, na njia nzima Mama alilia akitaka kujua kama yule mwanamke alimpata mwanawe. Babu akamwambia wataona Pasaka ijayo. Kabla ya Pasaka hiyo, Babu akafariki.

Hadithi hiyo niliijua kwa moyo. Hivyo siku Mama alipoona tangazo la sinema ileile kwenye televisheni ya duka la vyombo, alisimama barabarani na mfuko wake wa nyanya mpaka mwenye mkokoteni akamfokea. Ingeonyeshwa Jumapili ya Pasaka, mchana. Mpango ukawa twende Magomeni kwa mama mkubwa, mwenye televisheni.

Ila ilikuwa masika. Tulipotoka kanisani tukaambiwa bonde la Jangwani, njia ya kwenda Magomeni, limejaa maji, hakuna gari linalopita. Mama alirudi akakaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, bado amevaa kitenge chake kipya na viatu vya kisigino, akiangalia maji yanavyotiririka kwenye mfereji wa uani.

Bibi Zuwena akatoka jikoni na birika la kahawa.

"Mama Stela, leo si sikukuu yenu? Mbona umekaa kama umefiwa?"

Mama akamweleza. Alianza kwa tangazo, akaishia mgongoni kwa Babu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, birika likipoa mkononi.

"Televisheni si hiyo hapo sebuleni? Ingieni."

Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga sebule ile. Makochi yalivalishwa nailoni iliyonata mapajani, na televisheni ilikaa ndani ya kabati lenye milango na ufunguo, juu yake kitambaa cha kufuma. Haikuwashwa mara kwa mara. Ilipopata moto ikatoa harufu ile niliyoisema.

Mkanganyiko ulianza hapohapo. Ilitokea picha ya pazia jekundu, muziki ukapigwa, na pazia halikufunguka. Tukasubiri. Muziki ukaendelea. Bibi akaona televisheni imekwama, akaipiga kofi ubavuni. Akaipiga tena. Mama naye hakukumbuka pazia lolote. Tulikuwa tunajadiliana kumwita Ami Salim pazia lilipoondoka lenyewe, na Bibi akajisifu kwamba dawa yake imefanya kazi.

Kisha wakaanza kuongea Kiingereza, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mama alitutafsiria, lakini alichokuwa akitafsiri ni kumbukumbu zake za padri, ambazo hazikwenda sambamba na picha. Alisema mfalme anaamuru watoto wakamatwe, mimi nikaona watu wanakula zabibu. Yule mwanamke alibadilisha mavazi mara nyingi, nikaamini ni wanawake watatu, na kwamba wote wamepotelewa. Wanaume ndio kabisa: wote ndevu, wote kanzu. Aliyekufa kwa mkuki nilimwona tena baadaye akiuza samaki, nikashangaa hakuna anayeshtuka.

Tulikuwa tumefika kwenye kisima fulani jangwani. Mtu mmoja akapita kwa mbali, akionekana mgongo tu, na muziki ukawa wa kanisani. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Yesu huyo."

"Issa? Nabii Issa, alayhi salaam?" Bibi Zuwena akauliza. Kabla Mama hajamaliza kuitikia, Bibi alikuwa ameshavuta mtandio wake na kujifunika uso mzima. "Manabii hawaigizwi, sisi hatuwaangalii namna hiyo. Nyie endeleeni. Stela, akishapita niambie."

Nikadhani Bibi anaogopa. Nikamwangalia mtu yule kwa makini ili nione kinachotisha, nikaona mgongo tu. Lakini kazi niliyopewa niliichukulia kwa uzito mno. Tatizo ni kwamba sikujua yupi ni yupi. Akitokea mwenye kanzu nyeupe, nilisema, "Kaja, Bibi," naye akajifunika. Mara moja nilimweka chini ya mtandio wakati wote ambao muuza ngamia mmoja anabishana bei, mpaka Mama akageuka akaniambia, "Huyo ni mfanyabiashara tu, wewe mtoto." Bibi akacheka humohumo ndani, kitambaa kikitikisika.

Ami Salim aliingia akitokea kuswali alasiri. Akamkuta mama yake kwenye kochi lake, amejifunika gubigubi, na sisi wawili tumekodoa macho.

"Mama, una nini?"

"Anapita Nabii Issa. Stela ataniambia."

Ami Salim alikuwa mtu mpole, lakini uso ulibadilika. "Sasa Mama, ujifunike ndani ya nyumba yako mwenyewe? Si uzime tu?"

Mama akaanza kuinuka, ananivuta mkono. Bibi akajua bila kuona.

"Kaa, Mama Stela." Kisha akamgeukia mwanawe, mtandio ukiwa bado usoni. "Nimemkaribisha mtu, Salim. Siwezi kumkaribisha kisha nimnyang'anye. Macho ni yangu, nayafunika mwenyewe. Wewe kaangalie duka."

Ami Salim akatutazama, akatazama kapeti, akaondoka. Mimi sikuelewa nani kakosea. Kama jambo lilikuwa baya, kwa nini tuendelee? Kama lilikuwa zuri, kwa nini Bibi asiangalie?

Sinema ikaenda, ikaenda. Pazia jekundu likarudi katikati, kumbe ni sehemu ya sinema yenyewe, likaondoka. Hatimaye yule mwanamke, mvi zimemjaa, akafika kwenye mji wa mlimani. Mama akasogea ukingoni mwa kochi. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo mvua ilipoanza."

Umati mkubwa ulikuwa umekusanyika, na mwanamke yule alikuwa akipenya katikati ya watu. Na mbele ya umati alisimama yule mwenye kanzu nyeupe, safari hii bila shaka yoyote, akihutubia.

"Kaja, Bibi."

Akajifunika. Hotuba ikaanza, na haikuwa fupi. Mwanamke anapenya, mhubiri anasema, mwanamke anapenya. Sebuleni joto lilikuwa kali na feni ilikuwa mbovu.

"Tayari?" Bibi akauliza.

"Bado, Bibi."

Kitambaa kilikuwa kikiingia na kutoka mdomoni mwake kila alipovuta pumzi. Baada ya muda akauliza tena, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nikajibu bado. Mama aligeuka kumtazama. Akaitazama televisheni, ambapo yule mwanamke alikuwa ameona kitu, amenyoosha mkono. Akamtazama Bibi tena.

Mama akainuka, akabonyeza kitufe. Picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe, ikapotea.

"Imekwisha, Bibi," akasema.

Bibi akafunua uso uliolowa jasho. "Imekwisha? Mbona ghafla? Haya, mwanawe kampata?"

"Kampata."

"Alhamdulillahi! Alikuwa wapi?"

"Alikuwa anachunga kondoo wa watu," Mama akasema bila kusita. "Kakonda kidogo, lakini mzima. Wamekumbatiana, wamerudi kwao."

"Lakini Mama..." nikaanza. Alinifinya mgongoni kwa nguvu hata machozi yakanitoka. Bibi alifurahi kuona hata mtoto ameguswa na sinema.

Nilimkasirikia Mama kwa muda mrefu. Aliwahi kunichapa kwa uongo mdogo tu wa sukari niliyolamba, na sasa kadanganya siku ya Pasaka, tena mbele ya mtu mzima, na mwisho wa sinema kautupa mwenyewe wakati umeme haukukatika wala mvua haikuingia ndani. Ilinichukua miaka, na ilibidi niwe na sebule yangu na wageni wangu, ndipo nikaona kilichotokea. Bibi alikubali kukaa gizani ili mgeni wake aone. Na Mama, alipofikia kile alichokitamani tangu utotoni, alishindwa kukitazama akiwa na mwenzake aliyekosa hewa pembeni yake.

Bibi Zuwena alishafariki. Wiki iliyopita, niliporudi na redio kutoka kwa fundi, nilimkuta Mama anakunja nguo. Nikamwambia siku hizi sinema zote za zamani zimo kwenye simu, nitamtafutia ile, aone mwisho.

"Mwisho upi?" akaniuliza, bila kuacha shuka alilokuwa akilikunja. "Mwanawe si alimpata? Nilimwambia Bibi, na wewe ulikuwepo."