Dakika Sita za Shangazi

Shangazi yangu alikausha samaki kwa moshi huko Uvira miaka thelathini, na sehemu ya moshi ule alikuja nayo kifuani huku Alby, kwa Waswidi. Kwenye picha, daktari alituonyesha mapafu yaliyolegea upande wa juu: hewa inaingia, kutoka haitaki. Kupandikizwa pafu la mtu mwingine, umri ulishampita. Vali ndogo za kuziba njia za hewa hazikumfaa. Ilibaki kukata sehemu ya juu iliyoharibika, ile nzima ipate nafasi. Lakini kwanza atembee dakika sita kwenye korido ya hospitali, waone kama atahimili kisu.

Walitaka kumpigia mkalimani simu. Nilikataa. Mtu mwenye shahada mbili, shangazi yake atafsiriwe na simu? Muuguzi alieleza mengi kuhusu mwendo na umbali. Nikafupisha: "Shangazi, tembea kama siku zote."

Akatembea kama siku zote. Hatua kumi, akasimama kwa mama wa usafi, Mrundi: "Habari ya kazi? Watoto wazima?" Mbele kidogo akampa mkono mzee wa Kiswidi kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa pili ukishika kiwiko kwa heshima. Muuguzi akawa anaandika. Mimi nilitabasamu, nikijivunia adabu zetu.

Wiki iliyofuata daktari akatoa jibu: mgonjwa alisimama kupumzika mara saba, ni dhaifu mno, hatumkati.

"Hakuwa anapumzika," nikasema, masikio yakiwaka. "Alikuwa anasalimia. Kosa ni langu."

Daktari akakubali jaribio moja zaidi.

"Na wewe ndiye tuliyekusomesha," shangazi aliniambia kwenye lifti.

Siku ya jaribio la pili mkalimani alisema yote kwa simu, bila kufupisha: aende mbali awezavyo, asisimame ila akichoka; nami nikaambiwa nikae kwenye benchi. Shangazi akaondoka, midomo ameibana kama anapuliza jiko. Mama wa usafi akaita, "Mama, jambo!" Hakugeuka. Alipita watu wanne bila neno, jambo ambalo kwao Uvira lingeitishiwa kikao cha ukoo. Dakika ya tano alishika ukuta, nikainuka. Akanikata jicho, nikakaa. Akaendelea.

Umbali ulitosha. Daktari alieleza, kupitia simu, kwamba wengine hawaamki baada ya upasuaji huu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaisogelea simu, si mimi.

"Muulize ataanza upande gani, kuume ao kushoto. Nijue nitalalia wapi."