Samadi Niliyomficha Bi Mwanaidi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa bado mgeni kwenye ndoa, nimeinama kwenye bustani yangu ya mchicha pembeni ya korongo, hapa hapa Chamwino. Udongo wetu unaujua, ni mchanga mwekundu, maji hayakai. Bila samadi hupati jani la maana. Na mwaka ule samadi ya ng'ombe ilikuwa shida, maana wafugaji walihama kufuata malisho, na iliyobaki ilichukuliwa na wenye mashamba ya zabibu.

Jirani yetu mmoja alifuga nguruwe. Akaniambia nichukue ya kwake, inamjazia banda tu. Nikaichukua, nikairundika na majani makavu, nikaifunika miezi kadhaa mpaka ikawa nyeusi, haina hata harufu. Mchicha ulioota pale, mwanangu, sijauona tena. Jani moja lilijaa kiganja.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu mwenye mgahawa karibu na stendi. Alinizidi umri, akanipenda kama mdogo wake. Asubuhi hiyo alishika fungu, akalitazama, akaniuliza, "Nyemo, mboga hii unaipa nini?"

Nikamjibu, "Samadi ya ng'ombe, dada."

Sikusita hata kidogo. Niliogopa kumpoteza, basi. Akaondoka na mafungu yake, na kila alfajiri akaendelea kuja, nami nikajiambia kwamba mboga ni mboga.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja alikuja jioni, si kawaida yake, akamkuta yule jirani anamwaga toroli la samadi mbichi kwenye kona yangu. Walifahamiana. Alimsalimia, akaangalia lile toroli, kisha akaniangalia mimi. Akageuka na kapu lake tupu akaenda zake.  Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Mama mkwe wangu aliona mchicha unazeeka kwenye matuta. Nikamweleza. Alikuwa anapeta mtama, hakuacha.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza, mama."

"Ukamdanganya."

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Basi usinisimulie habari za nguruwe. Jifunge kanga, twende."

Tulimkuta Bi Mwanaidi anaosha masufuria. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatukaribisha kwenye benchi. Nikaomba radhi, machozi yananitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia, ningemuuliza shehe wangu," akasema. "Angenielekeza, nami ningeamua. Lakini wateja wangu wananiuliza mimi, Nyemo. Mimi ndiye niliyewaambia ni ng'ombe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Uongo wangu ulikuwa umetoka kinywani mwake, kwa watu wanaomwamini. Alikuwa ameshawaambia ukweli, na baadhi walikuwa wameacha kula kwake.

Sikumwomba anunue tena. Nilikwenda kwa wachota maji wenye punda, nikaomba samadi yao. Watu walinicheka, wakasema ya punda inaleta magugu tu. Ni kweli inaleta, ukiitumia mbichi. Mimi niliirundika, nikailoweka, nikaigeuza mpaka ikapoa. Matuta ya punda nikayaweka upande wa juu, ya nguruwe nikayaacha bondeni, mbali, maji yake yasifike ya juu. Kila mnunuzi nilimwonyesha mwenyewe hili la nini, hili la nini. Wanunuzi wa mchicha wa samadi ya nguruwe walipatikana, tena wengi.

Bi Mwanaidi alisikia. Mvua zilipoanza alikuja, akatembea matuta yote ya juu taratibu, akauliza maswali, akakata fungu moja. Wiki iliyofuata akachukua matano. Tumezeeka pamoja, na wajukuu zake wananiita bibi.

Sasa nakuona umeanza na samadi ya sungura, na juzi ulinitajia ya popo kutoka mapango ya kule Kolo. Sikukatazi. Ya sungura ni nzuri mno. Ya popo, waulize kwanza wenyeji wa pale, maana mapango mengine ni ya matambiko, hayaguswi, na vumbi lake linaumiza mapafu, usilivute. Samadi yoyote iache iive, usiimwage mbichi kwenye mboga za majani, na unawe mikono. Lakini la kwanza kabisa, mtu akikuuliza chakula chake kimekua kwa kitu gani, mwambie kilivyo, hata kama unaona ataondoka. Usimchagulie cha kujua. Na ukishakosea, nenda kwake mapema, kwa miguu yako.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe mvua kwa wakati wake, na majirani wanaokula kwako bila wasiwasi.