Kinywa Kinachoimba Hakili Mbegu

Enzi zetu, mbegu za karanga zilimenywa kwa wimbo. Si kwamba tulikuwa na furaha kupita watoto wa leo. Tuliimba kwa sababu mama alitujua. Alitoka ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, akaolewa kijijini kwetu Kafutuma, na sheria yake alivuka nayo: "Imbeni! Kinywa yenye inaimba haikule mbegu." Mtoto mmoja akinyamaza tu, mama aligeuza kichwa.

Nilipokuwa na miaka tisa nilijiona mjanja. Nilimsihi dada yangu Chanda aimbe kwa niaba ya wawili, nami nikatafuna siku tatu mfululizo. Maskini Chanda, aliimba hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Siku ya kupanda, mbegu ziliisha kabla ya matuta. Tuta la mwisho likabaki tupu. Mama alilitazama, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Ninyi mliokulia ufukoni mwa Mweru mnajua maana yake. Miezi ile uvuvi hufungwa. Nyavu za baba zilining'inia ukutani, nasi tukala muhogo na kusubiri karanga zikomae. Kila asubuhi nilipita penye tuta lile nimeangalia pembeni.

Zikakomaa. Tuling'oa mashina na mchanga wake, tukasuuza ziwani, mama akazichemsha na maganda, chumvi ya kutosha, juu akafunika majani ya mgomba. Harufu ile, jamani! Unabana ganda kwa meno, maji ya chumvi yanakurukia puani, kisha punje laini kama maharage mapya. Zile changa tulikula na maganda yake.

Beseni lilipotua, mimi nilibaki mlangoni. Sehemu yangu nilikuwa nimeshaila. Mama akanisogezea fungu, sawa kabisa na la Chanda.

"Kula, mutoto yangu. Lakini mwaka kesho nitakusikia."

Nilikula huku nalia. Namshukuru Mungu kwa mama yule mpaka leo.

Siku hizi watoto wetu hununua karanga za kuchemsha stendi ya Nchelenge, kwenye mfuko wa plastiki, hawajui hata shina lake. Juzi nilimpa binti yangu wa mwisho mbegu amenye, nikamwambia aimbe. Akawasha simu iimbe, yeye akatafuna! Nilicheka hadi machozi. Angalau mimi nilimtafuta mtu. Simu inaimba vizuri kuliko Chanda, lakini ikinyamaza hakuna anayegeuza kichwa.

Nilipomaliza kucheka, nikaizima simu, nikaketi kumenya naye kimya. Kutoka chumbani ikaja sauti ya mama, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri.

"Wewe! Juu ya nini unanyamaza?"

Nina wajukuu wawili, na kinywani nilikuwa na punje tatu. Nikazitema kiganjani, nikazirudisha kwenye ungo, nikaimba.